Bakteria wanavyopeana usugu wodini na kwanini antibayotiki zinagoma

Watu wengi hapa Moshi infeksheni ikigoma kusikia dawa utawasikia wanasema mwili wa mgonjwa umeshazoea antibayotiki. Nasikia hivyo kwenye daladala za Pasua, nasikia kwenye mabenchi ya nje ya maabara, nasikia hata kwa watu waliosoma kabisa. Na naelewa kwanini wanafikiria hivyo, maana kwa macho ndivyo inavyoonekana, mtu amemeza dawa miaka na miaka, leo anameza tena hazimshiki. Lakini mwili haujazoea chochote aisee. Aliyebadilika ni bakteria, na huyo huyo bakteria aliyebadilika anaweza kumwingia mtoto wa siku mbili ambaye hajawahi kuonja hata tone la amoksilini na dawa zikagoma vile vile kama kwa mzee wa miaka sabini. Hapo ndo pananiuma, na ndo sababu nimekaa kuandika.

Mimi ni mtu wa maabara, kazi yangu kubwa ni kuotesha. Mkojo, damu, usaha wa kidonda, vikija tunaviotesha tuone kuna mdudu gani na anakufa kwa dawa ipi. Wagonjwa wengi hawajui hata kama hiki kipimo kipo, wanajua cha malaria, wanajua cha taifodi, wanajua "wadudu kwenye mkojo", basi.

Kinafanyika hivi. Unachukua sahani ya plastiki ya duara yenye agari, yaani chakula cha bakteria kilichogandishwa kama jeli, rangi yake manjano iliyopauka, unapaka bakteria wa mgonjwa juu yote kwa kijiti cha pamba mpaka pasibaki nafasi, halafu unapanga vidonge vidogo vya karatasi vyenye upana wa milimita 6, kila kimoja kimelowekwa dawa yake, hiki sipro, hiki jentamisini, hiki seftriaksoni. Unaweka kwenye inkubeta nyuzi 35 usiku kucha. Asubuhi ukifungua, bakteria wameota wamefunika sahani nzima kama utando mweupe mweupe, isipokuwa kuzunguka zile karatasi ambazo dawa yake inafanya kazi, hapo unakuta duara safi, unachukua rula unapima milimita. Duara kubwa maana yake dawa inaua. Na kuna karatasi nyingine unakuta bakteria wameota mpaka wakaigusa kabisa, hakuna duara, dawa ipo pale usiku mzima na wao wanazaana juu yake.

Kuna picha moja ambayo kila nikiiona moyo unashuka. Tunaweka karatasi ya seftazidimu jirani na karatasi yenye amoksilini iliyochanganywa na asidi ya klavulani, na asubuhi duara la seftazidimu halijakaa duara, limevutika upande mmoja kuelekea ile ya klavulani, umbo linakuja kama tundu la ufunguo. Maana yake bakteria huyu anatengeneza kimeng'enya kinachokata dawa za jamii ya penisilini na sefalosporini kabla hazijamfikia, ila pale katikati klavulani imekiziba kile kimeng'enya ndo dawa ikapata upenyo. Vimeng'enya hivi tunaviita kwa kifupi ESBL. Ukishaona tundu la ufunguo ujue seftriaksoni, ambayo ndo sindano inayochomwa kwenye wodi karibu zote hapa nchini, kwa mgonjwa huyo usiitegemee tena. Na daktari anayesubiri majibu anabaki na dawa mbili tatu, nyingi za bei, nyingine haipo hata stoo.

Sasa huyu bakteria kapata wapi huo uwezo? Hapa ndo pana utamu wa kisayansi na hapa ndo pana hatari, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Njia ya kwanza ni makosa ya kunakili. Bakteria kama E. coli, yule anayeishi utumboni, akipata chakula na joto anagawanyika mara mbili kila dakika 20 hivi, ukianza na mmoja saa moja asubuhi mpaka saa nane mchana unao milioni mbili na ushee. Kila anapogawanyika lazima anakili DNA yake yote, herufi kama milioni 4.6, na ananakili vizuri sana, kosa jipya linatokea kwa wastani kwenye mmoja kati ya kila elfu moja wanaozaliwa. Unaweza kusema mbona kidogo. Lakini mkojo wenye infeksheni kawaida una bakteria 100,000 na kuendelea kwenye kila mililita moja, piga hesabu kibofu kizima, utaona makosa ni mengi ajabu. Mengi hayana maana, mengine yanamuua mwenyewe, ila mara moja moja linatokea kosa mahali pabaya kwetu. Mfano sipro inafanya kazi kwa kushika kimeng'enya kinachosokota na kufungua DNA ya bakteria, jeni yake inaitwa gyrA, herufi moja tu ikibadilika sehemu fulani ya hiyo jeni dawa haishiki vizuri tena. Herufi moja kati ya milioni 4.6! Kosa lingine linaweza kuzidisha pampu za ukutani, bakteria akawa anaitema dawa nje haraka kuliko inavyoingia, lingine linafunga vile vitundu dawa inamopitia.

Kuna kitu watu wengi wanakosea hapa, wanadhani dawa ndo inamfundisha bakteria kuwa sugu. Hapana. Mwaka 1952 Esther Lederberg na mume wake Joshua walifanya jaribio zuri mno, walichukua kitambaa cha mahameli wakakigandamiza juu ya sahani yenye makundi ya bakteria, halafu wakagonga muhuri kwa kitambaa hicho hicho kwenye sahani nyingine zenye streptomisini, kila kundi likatua mahali pake pale pale. Waliopona kwenye dawa, ukirudi sahani ya mwanzo ambayo haijawahi kuguswa na dawa kabisa, unawakuta ndugu zao wako pale pale na ni sugu tayari. Yaani usugu ulikuwepo kabla dawa haijaja. Dawa inachofanya ni kuchuja, inaua wote walio dhaifu na kumwachia yule mmoja eneo lote, chakula chote, na masaa nane baadaye ukoo wake ndo umejaa.

Ukilielewa hilo utaelewa kwanini TB inatibiwa kwa dawa nne kwa pamoja. Bakteria wa TB hapokei jeni za usugu kutoka kwa wenzake, usugu wake wote unatokana na hayo makosa ya kunakili. Atakayekuwa sugu kwa rifampisini anatokea takribani mmoja katika milioni 100, wa isoniazidi mmoja katika milioni moja hivi. Tundu moja la TB kwenye pafu linaweza kuwa na bakteria milioni 100 na zaidi, kwa hiyo ukitoa dawa moja tu umeshindwa kabla hujaanza, yule mmoja yupo tayari ndani anasubiri. Ila mmoja wa kuwa sugu kwa zote mbili kwa bahati tu ni mmoja katika trilioni 100, na hao hawatoshi kwenye pafu la mtu. Hesabu ni ya kuzidisha tu lakini imeokoa watu wengi sana. Ikivurugika, mgonjwa akameza hii akaacha ile, ndo unapata TB sugu, na sisi wa Kilimanjaro tunaijua maana hospitali ya Kibong'oto kule Siha ndo matibabu ya TB sugu nchini yalikoanzia 2009.

Wa TB basi ana ustaarabu, kila ukoo unahangaika na lake. Hawa wa wodini hapana.

Hawa wa wodini wanapeana. Na hili lilishangaza wanasayansi kweli kweli. Miaka ya 1950 Japani walikuwa na kuhara damu kwingi, wakaanza kukuta Shigella, bakteria anayeleta huko kuhara damu, ni sugu kwa dawa nne kwa mpigo, sulfa, streptomisini, tetrasaiklini na kloramfenikoli. Sasa kwa hesabu ya makosa ya kunakili nne kwa mpigo haiwezekani, na kilichowachanganya zaidi mgonjwa mmoja alikuwa na E. coli kwenye utumbo wake mwenye usugu ule ule wa dawa zile zile. Mwishoni mwa muongo ule wakaonyesha maabara kwamba ukiwachanganya E. coli sugu na Shigella asiye sugu, kesho Shigella naye ni sugu kwa zote. Hawa tunawaita kwa majina mawili tofauti, lakini wamepeana.

Wanachopeana ni kipande cha DNA cha duara kinaitwa plasmidi, kiko pembeni ya DNA kuu, kinajinakili chenyewe. Bakteria mmoja anatoa kijibomba chembamba, anamvuta mwenzake, anamwingizia nakala, na yeye anabaki na ya kwake. Wale wa umri wangu mnakumbuka vile vibanda vya kurusha nyimbo, unaenda na memori kadi yako unaomba wimbo mmoja, jamaa anakurushia folda zima, unaondoka na nyimbo ambazo hata hukuziomba. Plasmidi ni hivyo hivyo. Bakteria anapokea jeni moja ya kukata seftriaksoni, lakini kwenye kipande hicho hicho kuna ya jentamisini, kuna ya septrini, kuna ya tetrasaiklini, zimepangana. Ndo maana kwenye sahani zangu tundu la ufunguo haliji peke yake, mara nyingi nikiangalia na karatasi za pembeni nazo zimeotewa.

Na uone ubaya wake sasa. Ukimpa mgonjwa septrini kwa jambo lingine kabisa, unamchagua bakteria mwenye folda zima, kwa hiyo umeongeza na usugu wa seftriaksoni bila hata kuigusa seftriaksoni. Mimi hili naona ndo jambo muhimu kuliko yote na halisemwi kabisa kwenye yale matangazo ya redioni, tunaambiwa tu usitumie dawa hovyo, hatuambiwi kwamba dawa yoyote unayoitumia inaweza kuwa inalinda usugu wa dawa nyingine.

Jeni zenyewe zinaingiaje kwenye plasmidi? Kuna vipande vya DNA vinavyohama, vinajikata sehemu moja vinajipachika kwingine. Aliyevigundua ni mama mmoja Mmarekani, Barbara McClintock, na alivigundua kwenye mahindi miaka ya 1940, akichunguza punje zenye mabaka ya rangi. Watu hawakumwelewa kwa muda mrefu, mpaka 1983 ndo akapewa Nobeli. Vipande hivyo vikihama vinaweza kubeba na jeni ya jirani. Ile familia ya ESBL iliyosambaa zaidi duniani inaitwa CTX-M, na ukifuatilia asili yake unafika kwa bakteria wa kawaida tu wa mazingira anaitwa Kluyvera, ambaye mwenyewe hasumbui watu sana, jeni ilikuwa imekaa kwenye DNA yake kuu imetulia, ikabebwa ikapachikwa kwenye plasmidi, ikaingia kwa Klebsiella, bakteria mwingine wa utumboni, na kwa E. coli, na leo iko mpaka huku kwetu. Muhimbili walichapisha utafiti 2005 wa watoto waliokuwa na bakteria kwenye damu, wakakuta aina ya CTX-M-15, na kati ya watoto waliokuwa na bakteria wenye ESBL walifariki asilimia 71. Soma tena hiyo namba. Kwa waliokuwa na bakteria wa kundi hilo wasio na ESBL ilikuwa 39.

Tena jeni za usugu ni za kale kuliko sisi. Wanasayansi walichimba udongo ulioganda miaka 30,000 kule kaskazini ya mbali wakakuta ndani yake DNA ya usugu wa penisilini, wa tetrasaiklini, hata wa vankomisini, maana fangasi na bakteria wa udongoni wamekuwa wakirushiana sumu tangu zamani, na antibayotiki zetu nyingi tumezichukua kwao. Kimeng'enya cha kuvunja penisilini kiliripotiwa 1940, kabla penisilini yenyewe haijaanza kutumika kwa watu wengi. Methisilini, dawa ya jamii ya penisilini, ilianza kutumika 1959, mwaka 1961 Uingereza tayari wameripoti stafilokoko, bakteria wa majipu na vidonda, sugu kwa dawa hiyo. Na Fleming mwenyewe, aliyegundua penisilini, akipokea Nobeli yake 1945 alionya kwamba dozi ndogo ndogo zitawazoesha vijidudu kustahimili penisilini. Hakuna aliyefichwa.

Sasa kwanini hospitali? Kwa sababu pale vimekutana vitu vyote kwa wakati mmoja. Kuna watu wengi wenye infeksheni, kuna antibayotiki nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote mtaani, kuna miili dhaifu, na kuna milango iliyofunguliwa kwenye ngozi, kanula, mpira wa mkojo, mshono, mirija ya kupumulia. Bakteria akikaa kwenye mpira wa mkojo anatengeneza utando wa ute, wanakaa humo kwa maelfu wameshikamana, dawa inawafikia kwa shida, na wakiwa wamebanana hivyo kupeana plasmidi ni rahisi zaidi. Kwenye sinki chini pale maji yanapozamia ni hivyo hivyo, panakuwa na unyevu siku zote, panamwagwa mabaki ya dripu yenye dawa, panaoshewa kila kitu. Yupo mwingine anaitwa Acinetobacter, yeye hata unyevu hahitaji, anakaa kwenye reli kavu ya kitanda wiki na wiki akisubiri mkono.

Mkono. Chukua wodi yoyote ya watoto njiti. Mtoto ana kilo moja na kidogo, ngozi yake nyembamba unaona mishipa, ana kanula kwenye mkono ambao ni mdogo kuliko kidole chako gumba. Sista anafungua dripu, anarekebisha plasta ya kanula, mtoto wa kitanda cha pili analia, anageuka anamgeuza shingo asipaliwe, anarudi kuandika kwenye faili, anachukua ile kalamu, mama anamwita "sista naomba uniangalizie huyu anapumua haraka", anaenda. Yuko peke yake zamu ya usiku na watoto wamejaa, wengine wawili wawili kitanda kimoja. Kila alipogusa bakteria wamehama naye, na Klebsiella mwenye plasmidi akishaingia kwenye utumbo wa mtoto mmoja wala hamsumbui mara moja, anakaa, anazaana, anawapa plasmidi E. coli wa mtoto yule, mpaka siku anapenya kwenye damu. Simlaumu sista hata kidogo, namheshimu sana. Naulaumu mpangilio unaomwachia mtu mmoja watoto wote hao na bomba la maji liko upande wa pili wa wodi.

Na wakishaingia wodini hawatoki kirahisi. Kubeba plasmidi kuna gharama kwa bakteria, anakula nguvu kuinakili, kwa hiyo ungetegemea dawa ikiacha kutumika ataitupa. Kweli wengine wanatupa. Lakini plasmidi nyingi zina mtego ambao mimi nilipousoma mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu. Zinatengeneza sumu na zinatengeneza kinachozuia hiyo sumu, sumu inadumu muda mrefu, kinga yake inaisha haraka. Mtoto wa bakteria akizaliwa bila plasmidi anakuwa amerithi sumu iliyobaki bila mtengenezaji wa kinga, anakufa. Kwa hiyo wanaobaki ni wenye nayo tu. Ndo maana hospitali ikiacha dawa fulani mwaka mzima usugu unaweza kupungua kidogo tu, ukagoma hapo hapo.

Haya turudi mtaani, maana wodini vinaingia kutoka huku. Simama duka la dawa lolote jioni, Mbuyuni au kule Ngaramtoni Arusha ni yale yale. "Dada nipe rangi mbili za elfu moja." "Za nani?" "Za kwangu, mafua yamenibana kifua." Anahesabiwa, anafungiwa kwenye kikaratasi, anaondoka. Mafua ni virusi, antibayotiki haigusi virusi hata kidogo, ila kwenye utumbo wake kuna matrilioni ya bakteria ambao hawana kosa lolote na hao ndo dawa inawapitia, inawachuja, wanabaki wenye folda. Ukimaliza dozi nzima ya dawa ambayo hukuihitaji bado umewachuja tu, wala hujafanya vizuri zaidi ya yule aliyeacha njiani. Sasa chukulia mteja huyo ni mama mjamzito, miezi mitatu baadaye anajifungua kwa upasuaji, anakuja wodini na bakteria wake.

Halafu kuna hii UTI ya kila mtu. Siku hizi mtu akiumwa kiuno ni UTI, akichoka ni UTI, akiota ndoto mbaya nusura aambiwe UTI. Kipimo cha mkojo cha haraka kinaonyesha chembe chache za usaha, tayari sipro, wiki ijayo azithromaisini, wiki nyingine sindano tano. Hakuna aliyeotesha. Taifodi nayo vile vile, kile kipimo cha damu cha haraka kinaweza kusema ndiyo kwa mtu ambaye aliugua zamani au hajaugua kabisa. Hapa hapa Moshi uliwahi kufanyika utafiti mkubwa wa wagonjwa 870 waliolazwa na homa, 2007 mpaka 2008, ukachapishwa 2013, madaktari walikuwa wameandika malaria kwa asilimia 60.7 ya wagonjwa na waliokuwa na malaria kweli ni asilimia 1.6. Wengine walikuwa na chikungunya, ambayo ni virusi, wengine homa za kutoka kwa mifugo na panya na kupe ambazo baadhi zinahitaji doksisaiklini wala sio hiyo sindano tunayokimbilia. Vipimo vya malaria vimeboreka sana tangu hapo, lakini tulichofanya wengi ni kuhamisha kubahatisha, malaria ikikataa tunaandika antibayotiki.

Mifugo sitakaa nayo sana leo, inastahili siku yake. Niseme tu kwamba oksitetrasaiklini inayochomwa ng'ombe na inayowekwa kwenye maji ya kuku inachuja vile vile. Kolistini, ambayo kwetu binadamu ni ya akiba kabisa, ilikuwa inatumika sana kwa nguruwe China na mwishoni mwa 2015 wakatangaza kwamba wamekuta usugu wake umepanda kwenye plasmidi, jeni inaitwa mcr-1, kwa nguruwe, kwenye nyama na kwa wagonjwa. Kabla ya hapo, 2008, mgonjwa mmoja aliyekuwa amelazwa New Delhi akarudi Sweden na Klebsiella mwenye jeni ya kuvunja meropenemu na dawa za jamii yake, nayo kwenye plasmidi. Meropenemu ndo tunayokimbilia tukishaona tundu la ufunguo. Kwa mwaka 2019 vifo vilivyosababishwa moja kwa moja na bakteria sugu duniani vilikadiriwa kuwa milioni 1.27, na Afrika Magharibi ndo iliongoza kwa kiwango.

Kwa hiyo ukiwa na mgonjwa wodini, kuna kitu kimoja nakuomba uulize kwa heshima tu, "Daktari, ameshachukuliwa sampuli ya kuotesha kabla hajaanza dawa?" Hilo neno kabla ndo kila kitu. Damu ikichukuliwa baada ya sindano ya kwanza mara nyingi kwenye sahani yangu hakioti kitu, bakteria wamepungua kwenye damu ila kwenye mwili bado wapo, naandika hakuna kilichoota na daktari anabaki gizani. Sampuli ikishachukuliwa mgonjwa mahututi aanze dawa hapo hapo, asisubiri majibu, yakija siku ya pili au ya tatu dawa inabadilishwa kuwa ile nyembamba inayomlenga huyo mdudu tu. Mkojo uwe wa katikati, mwanzo umwage, na ukishatoka usikae juani kwenye dirisha masaa matatu, uletwe mapema maana bakteria wanaendelea kuzaana humo humo kwenye kopo na majibu yanadanganya. Uliza pia kila siku kama mpira wa mkojo na kanula bado vinahitajika. Sista hatakuchukia, ukiuliza vizuri atashukuru.

Mdogo wangu mmoja aliniuliza kama sanitaiza nayo haitaleta usugu tukiitumia sana hivi. Antibayotiki inalenga sehemu moja ya bakteria, kimeng'enya kimoja, ukuta, kiwanda cha protini, ndo maana kosa la herufi moja au jeni moja linatosha kumwokoa. Pombe ya asilimia 60 mpaka 80 inayeyusha utando wake na kuharibu protini zake zote kwa pamoja ndani ya sekunde, hakuna plasmidi ya kumrushia mwenzake imkinge na hilo. Ila haiui mbegu ngumu za bakteria mmoja wa kuharisha anaitwa Clostridioides difficile, kwa mgonjwa wa huyo lazima sabuni na maji yanayotiririka, na mikono ikiwa na uchafu unaoonekana ni hivyo hivyo, sabuni kwanza. Kwa hiyo mpake mikono kabla ya kumshika mgonjwa wenu na mkishamwacha, hata kama mnakaa naye kitanda kimoja nyumbani.